Kusoma Shahada ya Biashara Mombasa: Anza na Malengo ya Kozi, Jina Baadaye

Wengi huingia shahada ya biashara kwa kukosa. Mtu alitaka sheria au uhandisi, pointi zikagoma, akajikuta BCom, na nyumbani wakamfariji kwamba biashara haimtupi mtu. Wengine huingia kwa kurithi: baba ana duka la vitambaa Biashara Street, au shangazi ana magari ya watalii Nyali, na mtoto ameambiwa akasome aje asimamie mali. Makundi haya mawili hukaa darasa moja miaka minne. Ukiwauliza siku ya mahafali walikwenda kujifunza kufanya nini, majibu yao hufanana: uhasibu kidogo, masoko kidogo, menejimenti.

Mimi nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kila mwaka tunapokea vijana wa atachimenti, yaani mafunzo kazini, kutoka vyuo mbalimbali. Hufika wakiwa washapikwa, na mimi ndiye wa kuonja. Jina la chuo halinisaidii sana kujua kijana ataweza nini. Kinachonisaidia ni kama yeye mwenyewe anajua kozi yake ilikusudia kumfundisha nini. Kusudio hilo limeandikwa. Kila programu ya shahada iliyoidhinishwa Kenya ina mtaala unaoorodhesha mambo ambayo mhitimu anatakiwa awe anayaweza, na wanafunzi wengi humaliza bila kuutia machoni. Hapa nitaeleza jinsi ya kuupata, kuusoma na kuutumia, tangu siku ya kuchagua kozi hadi siku ya kutafuta kazi.

Hatua ya kwanza: jua jina limebeba nini

BCom huelemea uhasibu na fedha. BBA, shahada ya usimamizi wa biashara, huelemea usimamizi kwa jumla: watu, mipango, masoko, uendeshaji. Kisha kuna shahada zilizobanwa kwenye fani moja, kama ununuzi na ugavi, lojistiki, raslimali watu, au utalii na hoteli. Hivyo ndivyo ilivyo kwa nadharia. Kwa vitendo, yuniti, yaani masomo ya kila semesta, za miaka miwili ya kwanza zinakaribiana mno, na chuo kimoja kinaweza kuita BBA kitu ambacho jirani yake anakiita BCom. Ndiyo sababu sishauri mtu akeshe akibishana juu ya majina. Zote hizi ni shahada za kwanza, ngazi ya 7 katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, na kwa kawaida huchukua miaka minne, semesta nane, mkondo ukichaguliwa kuanzia mwaka wa tatu.

Mombasa yenyewe chaguo lipo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wengi tunakiita TUM, kiko Tudor. Wazee bado wanakiita Poli, na waliowatangulia walikijua kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanzishwa enzi za ukoloni. Kilipata hati ya chuo kikuu kamili 2013. Vyuo vikuu vya bara kama Nairobi, Kenyatta na JKUAT vimefungua matawi mjini, na ukivuka kwenda Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani. Aliyepata chini ya C+ katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, asikate tamaa wala asinunue maneno ya mtu anayemwahidi njia ya mkato. Aanze diploma, kwa mfano Kenya Coast National Polytechnic hapa hapa mjini, kisha aombe kuingia shahada baadaye. Vyuo vingi humpunguzia mwenye diploma nzuri baadhi ya yuniti.

Hatua ya pili: pata malengo, uyasome kwa jicho la mnunuzi

Nenda idarani uombe mtaala wa programu, au angalau kurasa za malengo na matokeo ya kujifunza. Ukiambiwa ni siri, shangaa hadharani, maana hakuna siri yoyote pale. Baadhi ya vyuo huyaweka kwenye tovuti au kwenye kitabu cha mwongozo cha mwanafunzi.

Utakuta tabaka tatu. La juu ni lengo kuu la programu, sentensi pana ya kwamba chuo kinataka kutoa viongozi wa biashara wenye ubunifu na maadili. Lipite haraka, kila chuo kinalo. La kati ni matokeo ya kujifunza ya programu nzima, huwa sita hadi kumi hivi. Hapa ndipo pa kutulia. La chini ni matokeo ya kila yuniti, ambayo mhadhiri anatakiwa kuwapa wiki ya kwanza ya semesta.

Katika tabaka la kati, ukilinganisha kozi za biashara za Mombasa, Kampala au Chicago, utaona maeneo yale yale yakirudi. Kuna ujuzi wa fani yenyewe: uhasibu, fedha, masoko, sheria. Kuna uwezo wa kutumia hesabu na takwimu kufanya uamuzi. Kuna kuandika na kuzungumza, kuna kufanya kazi na wengine, maadili, teknolojia, na kuielewa biashara ya nje ya mipaka. Kufanana huku kuna sababu. Shule za biashara duniani hutazamana sana, na shirika la Marekani la AACSB, lililoanzishwa 1916, limekuwa likizitaka shule zinazotafuta ithibati yake, yaani uthibitisho wa ubora, zionyeshe ushahidi kwamba wanafunzi wanafikia malengo yaliyotajwa. Hata chuo kisichotafuta ithibati hiyo huiga mtindo wake.

Sasa angalia vitenzi. Mwanaelimu wa Marekani Benjamin Bloom na wenzake walitoa 1956 mpangilio wa ngazi za kujifunza, na hadi leo waandishi wa mitaala huutumia, katika sura yake iliyorekebishwa 2001, hata wasipomtaja: kukumbuka na kuelewa chini, kutumia na kuchambua katikati, kutathmini na kuunda juu. Programu ambayo malengo yake yote ni "kueleza", "kutaja" na "kufahamu" inaahidi kidogo. Programu inayosema mhitimu "atachambua taarifa za fedha na kupendekeza uamuzi" imejifunga kamba zaidi, na unaweza kuidai.

Tofauti ya ngazi hizi si ya vitabuni tu. Tuchukue mama anayeuza mahamri asubuhi karibu na kivuko cha Likoni. Anauza hamri moja Sh10. Unga, sukari, nazi, iliki na mafuta vinamgharimu Sh6 kwa kila hamri. Mahali pa kuuzia, mkaa na kijana wa kumsaidia ni Sh400 kwa siku, auze asiuze. Swali la ngazi ya chini litakuuliza: eleza maana ya gharama zisizobadilika. Utajibu kwa mstari mmoja na kupata alama mbili. Swali la ngazi ya kati: auze mahamri mangapi ndipo asipate hasara? Kila hamri linamwachia Sh4, basi 400 gawanya kwa 4, ni mahamri 100. Akiuza 180 anapata faida ya Sh320.

Swali la ngazi ya juu linaanzia hapo. Unga umepanda, gharama ya hamri sasa ni Sh7. Kila hamri linamwachia Sh3. Ili asipate hasara auze 134, na akiuza yale yale 180 faida inashuka hadi Sh140. Shilingi moja imekula zaidi ya nusu ya faida yake. Afanyeje? Apandishe bei hadi Sh12? Wateja wake ni vibarua wanaovuka na sarafu mkononi, na jirani yake bado anauza kumi. Apunguze ukubwa? Watamgundua siku ya pili. Aongeze chai, ambayo faida yake kwa kikombe ni kubwa zaidi? Pengine, lakini chai inataka vikombe, maji na mtu wa kuosha, na hapo zile Sh400 zinapanda. Kujibu swali hili kunataka hesabu, kujua wateja, na kuthubutu kusema "mimi ningefanya hivi, kwa sababu hii". Programu nzuri ya biashara inampeleka mwanafunzi huku. Programu dhaifu inamwacha kwenye ule mstari mmoja wa alama mbili, kisha inampa A.

Kwa hivyo fanya jaribio rahisi: tafuta karatasi za mitihani iliyopita, ambazo wanafunzi wanazo kila mahali, uzilinganishe na malengo. Ukikuta lengo linasema "kutathmini" na mitihani ya miaka mitatu inasema "taja sababu tano", umeshajua ukweli wa kozi hiyo kuliko brosha itakavyokuambia.

Hatua ya tatu: kagua kama kozi iko hai

Kwanza idhini. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, huchapisha orodha ya vyuo na programu zilizoidhinishwa. Tafuta jina kamili la kozi yako humo, si jina la chuo peke yake, na uulize pia kuhusu tawi unalokwenda. Kulipa karo kabla ya kufanya hivi ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Pili, umri wa yanayofundishwa. Huhitaji kuwa mtaalamu kulipima hili. Omba noti za mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu. Katika sheria ya biashara, angalia kama wanasoma Sheria ya Kampuni ya 2015, ambayo pamoja na mengine inaruhusu mtu mmoja peke yake kuanzisha kampuni. Noti zinazosema lazima muwe wawili zimechacha. Katika uhasibu wa juu, uliza kuhusu mikataba ya kukodi. Kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha, IFRS 16, kilianza kutumika Januari 2019 na kikaingiza madeni ya kukodi ndani ya mizania za makampuni, yaani taarifa za mali na madeni; anayefundisha kana kwamba hakikutokea anafundisha historia. Mwenye bidii zaidi aulize kama idara imeanza kujiandaa kwa IFRS 18, kiwango kipya cha kuwasilisha taarifa za fedha, kinachoanza kutumika Januari 2027. Na katika yuniti za teknolojia, tazama kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatajwa popote. Duka lolote linaloweka namba za simu za wateja, sheria hii inalihusu.

Tatu, kaa na mkuu wa idara au mhadhiri yeyote mwenye subira, umuulize maswali haya kwa heshima. Mtaala ulipitiwa upya lini, na waajiri wa Mombasa walihusishwa? Wahadhiri wangapi ni wa kudumu, na wangapi hufundisha jioni wakitokea kazini? Wa kutokea kazini si kasoro, wengine ndio bora kabisa, lakini ukiwa na swali Jumanne asubuhi utampata nani? Lengo la kuandika na kuzungumza mnalipima katika yuniti gani? Halafu lile linalowatoa wengi jasho: mara ya mwisho mlipoona wanafunzi hawalifikii lengo fulani, mlibadilisha nini?

Swali hili la mwisho ndilo kiini cha mambo yote ya malengo. Alama za yuniti na kufikiwa kwa malengo ni vitu viwili. Darasa zima linaweza kupata B katika takwimu, na bado wote wakakosa lile swali moja la kutafsiri matokeo kwa meneja asiyejua takwimu. Idara inayojali huchukua swali hilo, au kazi moja ya mwaka wa nne, ikalisahihisha kwa vigezo vilivyoandikwa wazi, ikahesabu wangapi walifika na wangapi hawakufika, kisha ikarekebisha ufundishaji. Idara nyingine hugawa dodoso mwisho wa semesta, wanafunzi wakaandika "nimejifunza sana", mambo yakaisha.

Hatua ya nne: pointi na pesa

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa taratibu hubadilika na tovuti ya KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, ndiyo ya kuaminiwa. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni C+ katika KCSE. Juu ya hapo kila kozi ina masomo manne ya klasta, yaani yale ya KCSE yanayotazamwa kwa kozi hiyo, ambayo jumla yake ya juu ni pointi 48, na nyingi za biashara hutaja alama fulani ya Hisabati. Mwenye D ya Hisabati asome masharti mara mbili kabla ya kuchagua. Pointi za mwaka uliopita ni dira tu, hazikuhakikishii nafasi.

Karo ya wanaopelekwa na serikali imekuwa chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, unaogawa gharama kati ya ufadhili, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mchango wa nyumbani kulingana na hali ya familia. Mfumo huo umepelekwa mahakamani na umezua maneno mengi, kwa hivyo usikadirie karo yako kwa ile aliyolipa kaka yako. Jaza maombi mapema na uweke nakala ya kila hati. Basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa maeneo bunge, ziombe pia kama zipo, hata kama zitatosha nauli tu.

Mzazi mwenye mtoto wa CBC, mtaala mpya wa umilisi: kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na vyuo vikuu vinalitarajia 2029. Ukitaka biashara, zungumza na shule sasa kuhusu mkondo wa masomo na aina ya Hisabati anayosoma.

Hatua ya tano: miaka minne, na wapi watu huteleza

Mwaka wa kwanza ni wa hesabu, hata kama hakuna aliyekuonya. Uhasibu, uchumi, hisabati za biashara, takwimu. Wanaoteleza hapa ni wale waliodhani biashara ni maneno matamu na suti. Dawa ni kukaa na jedwali la kompyuta kila wiki. Chukua hesabu za darasani uziingize mwenyewe, ujenge fomula kwa mkono wako. Kijana anayekuja ofisini kwetu akijua kutengeneza jedwali lisilovunjika unapobadilisha namba moja, nusu ya kazi ameshaimaliza.

Mwaka wa pili huja sheria, uhasibu wa gharama, masoko, tabia za watu kazini. Ndipo kazi za makundi huanza, na ndipo lengo la "kufanya kazi na wengine" hufa kifo cha kimya: watu sita, mmoja anaandika, watano wanatoa majina na hamsini hamsini za kuchapisha. Mkikutana mara ya kwanza andikeni nani anafanya nini na kwa tarehe gani, mmtumie mhadhiri nakala. Wenzako watakuona mkali. Wacha wakuone.

Mwaka wa tatu chagua mkondo kwa kuangalia vitu viwili: yuniti ulizozifanya kwa hamu, na mji unaotaka kuishi. Mombasa ina bandari inayohudumia Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Congo, ina hoteli za ufuoni, na sasa eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu. Ununuzi na ugavi, lojistiki, bima ya shehena na uhasibu wa kodi vina miguu hapa. Mtu anayetaka kuuza hisa huenda akahitaji Nairobi.

Lugha nayo. Mafunzo ni kwa Kiingereza, na ripoti zako lazima ziwe safi kwa Kiingereza. Lakini dereva wa lori la Kampala, wakala wa Goma na mwenye duka Kongowea utazungumza nao Kiswahili, na hao ndio biashara. Nawashauri wanafunzi wajifunze kueleza mizania kwa Kiswahili bila kubabaika. Wengi hawawezi, na mteja hunyamaza tu akaenda kwa mwingine.

Mwaka wa nne una yuniti ya usimamizi wa kimkakati na mradi wa utafiti. Hizi mbili zimewekwa mwisho makusudi, kwa kuwa ndipo malengo yote yanatakiwa kukutana. Kuna vibanda vya saiba vinavyouza miradi iliyokwisha kuandikwa, na siku hizi kuna programu ya kompyuta inayokuandikia sura tano kabla ya adhana ya alasiri. Ukitumia njia hiyo utahitimu, sitakudanganya. Utakachokosa ni kitu pekee ambacho ungeweza kukiweka mezani siku ya usaili ukakizungumzia kwa dakika kumi bila karatasi. Chagua swali dogo la hapa hapa: kwa nini wachuuzi wa leso wa Biashara Street wanapoteza wateja wa jumla, au chama cha bodaboda cha mtaani kwenu kinawekaje akiba. Nenda, hesabu, andika.

Hatua ya sita: atachimenti

Vyuo vingi huweka miezi miwili au mitatu ya mafunzo kazini. Chuo hukupa barua, daftari la kumbukumbu za kila siku, na mhadhiri wa kuja kukukagua. Tafuta nafasi mapema, semesta nzima kabla, na usiende kwenye ofisi kubwa peke yake. Katika kampuni kubwa unaweza kukaa wiki nane ukipiga fotokopi. Katika ofisi ya watu wanane, siku ya tatu unashika faili.

Njoo na malengo matatu ya programu yako, yameandikwa kwenye karatasi, umpe msimamizi: "Chuo kinataka niwe naweza haya, naomba kazi zinazogusa haya." Nimepokea karatasi kama hiyo mara chache sana, na kila mara ilibadilisha kazi niliyompa kijana.

Nikupe mfano wa kazi yenyewe. Mteja ameingiza bidhaa zilizokamilika ambazo thamani yake ya forodha, yaani bei, bima na nauli ya meli pamoja, ni Sh1,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16. Kiasi gani kwa jumla, tukiacha ada nyingine? Vijana wengi huandika ushuru Sh250,000, VAT Sh160,000, jumla Sh410,000. VAT lakini hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya Sh1,250,000, na hiyo ni Sh200,000. Jumla ni Sh450,000. Kosa la Sh40,000 kwa kontena moja, na mteja ameshapangia pesa zake.

Kijana aliyesoma kwa ngazi ya juu haishii hapo. Anauliza mkataba wa mauzo umeandikwa kwa masharti gani, maana Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za mikataba ya mauzo, ina masharti 11 na kila moja linagawa nauli, bima na hatari kwa njia yake. Kama muuzaji alitaja bei ya FOB, yaani ya mzigo hadi upakiwe melini, nauli na bima bado hazimo, na ile thamani ya Sh1,000,000 huenda si sahihi tangu mwanzo. Anauliza siku za bure za kontena zinaisha lini, kwa sababu zikiisha bandari inatoza gharama za kuhifadhi na kampuni ya meli inatoza zake. Hapo ameunganisha uhasibu, sheria na lojistiki kwenye faili moja. Kwenye orodha ya malengo ya kozi hili huwa limeandikwa "kuunganisha maarifa ya nyanja mbalimbali katika kutatua matatizo ya biashara", maneno makavu mno kwa kitu kitamu namna hii.

Maadili pia utayakuta hapa kabla ya kuyakuta darasani. Kuna siku mtu atakuomba uandike thamani ndogo kuliko ya ankara. Uwe umeshajua utajibu nini.

Hatua ya saba: kabrasha na mitihani ya kitaaluma

Fungua kabrasha tangu mwaka wa kwanza, la karatasi au la kwenye simu. Kwa kila lengo la programu, weka kazi moja iliyo bora: jedwali, ripoti, hotuba iliyorekodiwa, ukurasa wa daftari la atachimenti. Wasifu wa kazi ukiandikwa kutoka kwenye kabrasha hili huacha kusema "nina ujuzi wa uchambuzi" na huanza kusema ulichambua nini na ukagundua nini.

Shahada peke yake haikupi leseni ya taaluma. Mhasibu hufanya CPA, mtihani wa uhasibu wa bodi ya KASNEB wenye ngazi tatu, kisha hujiunga na ICPAK, chama cha wahasibu. Ununuzi una chama chake, KISM, na raslimali watu ina IHRM. KASNEB huwasamehe wenye shahada za biashara baadhi ya karatasi, kulingana na yuniti walizofanya, kwa hivyo usianze CPA kwa pupa katika mwaka wa kwanza ukalipia karatasi ambazo ungesamehewa. Wengine huanza mwaka wa tatu na kumaliza ngazi ya kati wakiwa bado chuoni. Inawezekana kwa mwenye nidhamu ya usingizi.

Kabla hujaondoka chuoni, chukua nakala rasmi za matokeo zaidi ya moja, pamoja na maelezo ya yuniti zako yaliyopigwa muhuri na idara. KASNEB au chuo cha nje kikitaka kujua ulisoma nini hasa, kitayaomba hayo, na kuyafuatilia ukiwa umeshahamia mji mwingine ni safari na barua za miezi.